Ng'ombe Gani Mwenye Pembe Tatu? Juu ya Majina ya Maumbo na Haki ya Mwanafunzi

Wasomaji wetu watatuwia radhi tukianza na kosa letu wenyewe. Tulikuwa tukifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huko Kanama, sekta ya wilaya ya Rubavu ambayo watu wengi wazima bado huitaja kwa jina la zamani la Gisenyi. Somo la siku hiyo lilikuwa msamiati wa maumbo. Tulichora ubaoni umbo la mistari mitatu, tukaandika chini yake neno pembetatu, tukawataka wanafunzi walitamke kwa pamoja. Wakalitamka. Kisha kijana mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono, akauliza kwa sauti ya adabu: "Mwalimu, huyo ni ng'ombe gani mwenye pembe tatu?" Darasa zima likaangua kicheko. Sisi tulidhani tunafanyiwa mzaha, tukamwamuru asimame nje mpaka kipindi kiishe.

Alisimama nje dakika 20. Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza swali ambalo kwa juu juu ni la lugha tu, lakini ndani yake ni la maadili. Mwalimu anapompa mtoto jina la kitu, anampa nini hasa? Anampa ukweli wa kitu kile, ama anampa desturi ya watu fulani waliokiona kabla yake? Na ikiwa ni desturi tu, ana haki gani ya kumwambia mtoto mwenye desturi nyingine kwamba amekosa?

Kijana yule hakufanya mzaha, alikuwa amesikia vizuri kuliko sisi. Kinyarwanda huita pembe ya ng'ombe ihembe, na kila mwenye sikio atatambua kwamba ihembe na pembe ni ndugu wa tumbo moja, kama uruhande wa Kinyarwanda na upande wa Kiswahili walivyo ndugu: pale Kiswahili kinapofunga midomo na kutamka p, Kinyarwanda huachia pumzi na kutamka h. Sasa katika nchi ambayo inyambo, wale ng'ombe wenye pembe ndefu zilizopinda kama kinubi, walikuwa fahari ya wafalme, mtu akisikia pembe hafikirii kona ya daftari. Hufikiri kichwa cha ng'ombe. Na kichwa cha ng'ombe hakina pembe tatu.

Kwa kweli hata Kiswahili chenyewe kilianzia hapo. Pembe kwanza ni ya mnyama. Ndiyo inayopigwa ikawa baragumu, na ndiyo iliyouzwa pwani kwa karne nyingi kwa jina la pembe za ndovu. Kutoka kichwani mwa mnyama neno likahamia kwenye nyumba, kwa kuwa kona ya nyumba hujitokeza nje kama pembe. Kutoka kwenye nyumba likaingia vitabuni. Sisi tuliolizoea tangu utotoni hatuoni tena mnyama yeyote ndani yake. Neno likitumika sana huchakaa kama sarafu, hata sura iliyochorwa juu yake ikafutika. Mgeni wa lugha ndiye anayeipokea sarafu hiyo ingali mpya, naye huiona sura.

Lakini lililotustaajabisha zaidi ni jina ambalo kijana yule alikuwa nalo tayari. Kinyarwanda huita umbo hilo mpandeshatu, yaani pande tatu. Umbo ni moja, idadi ni moja, ila Mswahili amehesabu pembe na Mnyarwanda amehesabu pande. Nani aliyeona sawa? Tulipotafuta mwamuzi tuliwaendea Wayunani wa kale, tukakuta wao wenyewe walikuwa na majina yote mawili. Euclid, aliyeandika kitabu chake cha Misingi huko Aleksandria yapata miaka 300 kabla ya Kristo, anapoyapanga maumbo mwanzoni mwa kitabu huyaita ya pande tatu, ya pande nne na ya pande nyingi. Lakini katika sentensi inayofuata, anapoanza kuyapa yale ya pande tatu majina yao, analitumia jina la kuhesabu pembe. Hakuona haja ya kueleza. Kilatini kikashika pembe, na Kifaransa na Kiingereza vikarithi kwa Kilatini. Mpandeshatu ya Rwanda basi si jina la ushamba wala la kubahatisha. Ni mtazamo ule ule ambao Euclid aliutumia kupanga maumbo yake.

Waarabu walitazama kwa njia ya tatu. Katika Baghdad ya karne ya 9 kitabu cha Euclid kilifasiriwa na al-Hajjaj ibn Yusuf, kisha na Ishaq ibn Hunayn, na tafsiri ya Ishaq ikasahihishwa na Thabit ibn Qurra. Jina la Kiarabu la umbo letu, muthallath, halitaji pembe wala upande. Lasema tu "kilichofanywa kitatu". Ndivyo lilivyo pia neno murabba, "kilichofanywa kinne", ambalo Kiswahili kimelipokea kwa umbo la mraba. Hapa mwalimu wa Kiswahili ana hazina ambayo mara nyingi huipita bila kuiokota. Mwanafunzi akionyeshwa kwamba mraba, robo na arobaini ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya nne, hatayasahau maneno hayo matatu, na ataelewa vilevile kwa nini mtu aliyejengeka kifua na mabega huitwa mtu wa miraba minne. Mstatili nao ni "kilichorefushwa". Duara na duru zatoka katika kuzunguka. Nukta na mstari ni za mwandishi mwenye kalamu mkononi.

Yafaa tuangalie kitu kimoja hapa. Kiswahili kilikopa mraba, mstatili, duara, nukta na mstari, lakini hakikukopa muthallath, ingawa thuluthi na thelathini, zilizo za mzizi huo huo, zilikwisha kuingia. Wala hakikukopa neno la Kiarabu la kona, zawiya, ili kutaja kona za maumbo. Neno hilo lilipofika pwani lilipewa kazi ya kutaja nyumba ya wanatarika. Kwenye kona Kiswahili kilishikilia pembe yake ya Kibantu. Kwa hiyo katika orodha yetu ya maumbo kuna wageni na wenyeji wamekaa jamvi moja, na hakuna anayemwuliza mwenzake ametoka wapi. Hatusemi hili kwa kujisifu. Twalisema kwa sababu wapo miongoni mwetu wanaotaka msamiati wa sayansi uwe wa Kibantu mtupu, na wapo wanaotaka uwe wa kukopa mtupu, na wote wawili wangelazimika kuanza kwa kubomoa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha maumbo.

Tukichimba zaidi tutakuta kwamba majina mengi ya maumbo yalikuwa, kabla ya kuwa elimu, vitu vya nyumbani. Lile umbo la pande nne lenye pande mbili tu zilizo sambamba lilipata jina kwa Wayunani kutokana na meza ndogo. Kitovu cha duara kwao kilikuwa kichokoo, ncha ya kumchomea ng'ombe wa kulima. Kwetu ni kitovu cha mtoto, mahali alipoungana na mama yake. Koni kwao ilikuwa tunda la msonobari. Baadhi yetu huiita pia, kile chombo ambacho watoto hukizungusha kwa kamba kikasimama kwa ncha yake. Mtoto wa Rwanda hahitaji msonobari wala pia: anayo agaseke, kikapu chenye mfuniko uliochongoka, ambacho kimewekwa hata katika nembo ya taifa ya mwaka 2001.

Na upo mfano mmoja wa Rwanda ambao twaupenda kuliko yote. Mstatili kwa Kinyarwanda ni urukiramende. Neno hilo hilo ndilo linalotajwa katika gusimbuka urukiramende, ule mchezo wa vijana wa zamani wa kuruka juu, ambao umaarufu wake ulifika Ulaya kwa picha iliyopigwa mwaka 1907, wakati wa safari ya Adolf Friedrich wa Mecklenburg: kijana wa Kinyarwanda yuko hewani, juu ya mwanzi uliokingamishwa, na Wazungu wawili wamesimama chini yake na kofia zao. Itazame picha hiyo mara ya pili, umsahau yule arukaye. Utaona miti miwili iliyosimama, na mwanzi juu, na ardhi chini. Mstatili umekamilika. Mtoto anayesema urukiramende katika somo la hesabu analitaja lango lile lile ambalo mababu zake waliliruka. Ni jambo gani basi tunalolifanya tunapochora mstari mwekundu juu ya neno hilo, tukaandika pembeni "mstatili"?

Hapo ndipo tulipowaendea wanafalsafa. Swali lenyewe ni la kale. Plato aliandika mazungumzo mazima, yaitwayo Cratylus, kuhusu kama majina yamefungamana na asili ya vitu au ni mapatano ya watu. Na katika Barua ya Saba, ambayo wataalamu wanabishana kama kweli ni ya mkono wake, mfano uliochaguliwa ni wa somo letu hasa: duara. Kuna jina la duara. Kuna maelezo yake, kwamba ni kile ambacho ukingo wake wote uko mbali sawasawa na katikati yake. Kuna picha yake, ambayo huchorwa na kufutwa. Kuna ujuzi wake, ulio ndani ya nafsi. Na mbali na hayo yote kuna duara lenyewe, ambalo hakuna mfutio uwezao kuligusa. Jina ndilo la chini kabisa katika ngazi hiyo. Barua yasema kwamba hakuna kinachozuia vitu tunavyoviita leo mviringo viitwe vilivyonyooka, na vilivyonyooka viitwe mviringo. Navyo havitabadilika hata kidogo.

Si lazima kusafiri hadi Athens ili kulithibitisha hilo. Mwezi Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi katika bonde letu karibu na soko la Mahoko. Fundi apimaye msingi hupigilia vigingi, hupima 3 upande huu na 4 upande ule, kisha hunyosha kamba baina ya ncha mbili. Ikitoka 5 kamili, anajua kwamba kona yake imekaa sawa. Mwulize jina la umbo aliloliunda kwa kamba, huenda asilijue kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Lakini nyumba itasimama. Anavyo maelezo, picha na ujuzi; kilichokosekana ni ngazi ya chini tu. Kinyume chake, tunao wanafunzi wanaotamka pembetatu vizuri kabisa ambao hawawezi kuunda kona ya nyumba ya kuku.

Je, tuseme basi majina si kitu, na kila mtu aite apendavyo? La hasha. Mapatano nayo ni jambo la heshima. Muuzaji na mnunuzi wakikubaliana juu ya kiwanja cha mraba, kisha mmoja akakusudia mstatili, watafikishana mahakamani, na hapo hakuna atakayetaka kusikia habari za Plato. Jina ni ahadi kati ya watu. Hata jina lililozaliwa kwa makosa hubaki ahadi. Wahindi wa kale waliita kipimo fulani cha pembe kwa jina la upote wa upinde. Waarabu wakalichukua neno hilo kwa sauti yake, wakaliandika kwa herufi zisizo na irabu. Wafasiri wa Kilatini wa karne ya 12 wakalisoma vibaya, wakadhani ni jaib, mkunjo wa vazi kifuani, wakalifasiri hivyo. Tangu hapo wanahesabu wa Ulaya husema "kifua" mahali pa "upote", na madaraja yao hayajaanguka. Kosa liliwekewa saini na wengi, likawa mapatano.

Lakini ahadi humfunga yule tu aliyeshiriki kuiweka, au aliyeelezwa alichokubali. Hapa ndipo tunapoona mzigo wetu. Jina huweza kumpotosha yule asiyeelezwa. Chukua mraba: kwa asili yake lasema nne tu, nalo halisemi lolote juu ya usawa wa pande. Mwanafunzi makini anayeambiwa asili hiyo anaweza kuuliza kwa haki kwa nini mstatili hauitwi mraba pia. Au chukua pembe yenyewe. Pembe ya mnyama hupimwa kwa urefu wake, na ncha yake iko nje. Pembe ya hesabu hupimwa kwa upana wa uwazi wake, nao uko ndani. Mara ngapi tumewaona watoto wakisema pembe fulani ni kubwa zaidi kwa sababu tu mistari yake imechorwa mirefu? Tuliwaita wazito wa akili. Kumbe walikuwa watiifu kwa neno tulilowapa. Kwa upande mwingine neno hilo hilo huwasaidia wanapofika kwenye pembe kali na pembe butu, kwa sababu pembe nyembamba kweli huchoma. Wayunani na Warumi nao walisema kali na butu. Jina moja, basi, laweza kuwa taa katika sura ya tatu ya kitabu na giza katika sura ya pili, na mwalimu asiyelichungulia ndani hatajua ni lini liwe lipi.

Tukumbuke pia ni nani aliyeketi mbele yetu. Mwaka 1967 Tanzania ilipoamua kwamba elimu yote ya msingi iwe kwa Kiswahili, na mwaka huo huo ikaunda Baraza la Kiswahili la Taifa, kazi ya kusanifu istilahi ilikuwa kazi ya haki: mtoto wa Tabora au Lindi apate hesabu kwa lugha asikiayo sokoni. Twaiheshimu kazi hiyo, na vitabu vyetu vinaitegemea. Lakini neno lile lile likipanda milima hadi Kanama hukutana na mtoto mwingine. Nchini Rwanda ufundishaji ulihamishwa kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kwa uamuzi wa mwaka 2008. Mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kianze tangu darasa la kwanza. Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Mtoto huyu amelala na mpandeshatu, ameamka na neno la Kiingereza, na mjomba wake aliyesoma zamani humsahihisha kwa Kifaransa. Sasa tunakuja sisi na pembetatu. Lililokuwa ukombozi Tabora laweza kuwa mzigo wa nne Kanama, ingawa halikubadilika herufi hata moja. Hatukuwa tumelifikiria jambo hilo hata siku moja mpaka tulipochekwa.

Hata hivyo Kiswahili kina jambo ambalo zile lugha mbili nyingine hazina: kinaweza kumwambia mtoto kwamba neno hili ni lako. Pembe ni ihembe. Tatu ni tatu. Wiki iliyofuata tulirudi darasani tukalifanya hilo. Tulimwita kijana yule mbele, tukasema mbele ya wenzake kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko somo letu na kwamba tulikosea kumtoa. Kuna walimu wenzetu waliotulaumu, wakisema mwalimu hamwombi radhi mwanafunzi. Yeye alitazama chini akasema, "Asante, Mwalimu," akarudi mahali pake. Tukaandika ubaoni safu mbili, Kiswahili na Kinyarwanda, na kipindi kizima kikapita wanafunzi wakitafuta ndugu. Msichana mmoja akaleta imigongo, ile sanaa ya mashariki ya nchi yenye matuta ya samadi yaliyopakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, akasema imigongo ni migongo. Tukawaomba wahesabu maumbo yaliyomo katika picha yake. Walifika 9 kabla ya kengele kulia.

Tungependa kuishia hapo, lakini mwisho wa muhula ulikuja na jaribio, na jaribio lina wino mwekundu. Tulichora umbo la pande nne zilizo sawa, tukaagiza: "Andika jina lake kwa Kiswahili." Kijana yule aliandika kare. Kare ni Kinyarwanda kilichokopwa kwa Kifaransa (nalo neno lililoandikwa hivyo hivyo lina maana ya mapema, jambo ambalo darasani limetupa vicheko vingine). Tulikata. Alikuja mezani petu na karatasi yake, akasema: "Mwalimu, shangazi yangu huuza vitunguu Goma. Huko wanasema Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Nao husema kare."

Tulimjibu kwamba haimo katika kamusi. Akauliza kama mraba ulikuwamo katika kamusi siku ya kwanza Mswahili alipousema. Mwenzetu afundishaye hesabu, aliyekuwa karibu, alicheka, kisha akatuambia kwa sauti ndogo kwamba mtihani wa taifa hautamwuliza kijana huyu habari za shangazi yake, na kwamba tukimpa alama leo tutakuwa tumemnyang'anya nyingine baadaye. Nasi twajua kwamba asemalo ni kweli. Karatasi ile tuliiacha juu ya meza usiku ule, na ile alama ya kukata tumeichungulia mara nyingi. Tunaandika makala haya nayo ikiwa mbele yetu.